Mahali pa Kupiga Hema Makambini

Watu wa Kisii na Nyamira, huko Kenya, kila mwezi wa Agosti ukikaribia huanza kuulizana habari za maturubai, za vigingi na za kamba, kwa kuwa shule zimefungwa, viwanja vyake vi tupu, na Waadventista Wasabato wa nchi hiyo ya Gusii wanajiandaa kuhamia makambini, baba na mama na watoto na wakwe, pamoja na kwaya za kila kanisa, kwa siku kadhaa za mahubiri na nyimbo. Mintarafu ya mahubiri sina la kusema, maana wenyewe wapo na kazi yao wanaijua. Nami nimekuja kuzungumza juu ya jambo moja dogo, ambalo huamuliwa kwa nusu saa siku ya kwanza, kisha likaitawala raha au dhiki ya aila nzima hadi siku ya kung'oa, nalo ni mahali pa kupiga hema.

Desturi yenyewe si ya jana. Mkutano wa kwanza wa namna hii wa Wasabato ulifanyika mwezi wa Septemba mwaka 1868, katika shamba moja huko Wright, jimbo la Michigan, Marekani, na watu walilala hemani papo hapo penye miti; mwaka 1906 Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo, mtu wa Nyasaland, wakafika Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, na haikupita miaka mingi mafundisho yao yakapanda vilima hadi Nyanchwa, ubavuni mwa mji wa Kisii. Na yalipopanda, hema nazo zikapanda, zikakuta nchi ambayo mtu akiweka chungwa chini mlangoni pake hulifuata hadi mtoni.

Tena nchi yenyewe imejaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Kisii watu 1,266,860, yaani wastani wa watu 957 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira watu 605,576, wastani wa 675. Na wengi wao ni wakulima au wana wa wakulima, kiasi kwamba hapana kipande cha ardhi kilichosazwa bure, kwani palipoachwa na migomba pana mahindi, palipoachwa na mahindi pana chai, na kule bondeni ambako hapafai kwa chai wala mahindi pamesimama mikaratusi. Ukiacha upande wa Borabu, ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa wananchi kwa vipande vikubwa zaidi, mahali pa wazi palipo bapa, penye nafasi ya hema mia mbili, ni kiwanja cha shule peke yake. Ndiyo sababu makambi hupendelea Agosti, wakati mwalimu mkuu anapoweza kuutoa ufunguo wa lango bila ya kuvunja ratiba ya masomo.

Sasa tukitazame kiwanja hicho kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Mgeni akisimama langoni hukiona kimelala sawasawa, akaridhika, akadhani popote ni sawa na popote. Hasha! Kiwanja cha Gusii hakikuumbwa bapa. Siku moja ya zamani wazazi walikuja na majembe na mikokoteni, au tingatinga likaletwa, upande wa juu wa mteremko ukachongwa, na udongo uliochongwa ukasukumwa upande wa chini ili kulijaza lile pengo. Alhasili kiwanja kimoja kina ardhi za namna tatu, ingawa nyasi zake ni za namna moja. Chini ya ule ukuta wa udongo uliochongwa, maji ya kilimani hutoka polepole, hata siku mbili baada ya mvua kukatika, na dalili yake ni nyasi zilizostawi kupita kiasi na udongo unaobonyea chini ya kisigino; anayelala hapo huamka godoro limelowa ilhali usiku kucha hakuna tone lililoanguka. Upande wa chini kabisa, karibu na ua, ni udongo wa kujazia, ambao haukushikamana hata baada ya miaka, na kigingi huingia humo kwa urahisi wa kufurahisha, kisha kikatoka kwa urahisi uleule pindi upepo unapolivuta turubai. Katikati ndipo penye udongo mwekundu uliokanyagwa na vizazi vya watoto hadi ukawa mgumu, na hapo mtu hutoka jasho akipigilia, lakini alichokipigilia hakiondoki.

Basi nasaha yangu kwa mwenye hema ni kwamba, kabla hajafungua mzigo wake, achukue kigingi kimoja na jiwe, apige. Kikizama kwa mapigo mawili, na ahame. Kikilia, kikapinda kidogo na kukataa, hapo ndipo pake. Na ajiepushe na mbele ya magoli, hata akiambiwa kuwa pamebaki hapo tu, kwa kuwa walinda lango wamepachimba kwa visigino vyao mpaka pakawa bakuli la udongo mtupu usio na nyasi, na mvua ikinyesha bakuli hilo halina pa kuyamwagia maji yake.

Nimetaja mvua, na sharti niseme zaidi, maana mvua ya Gusii ina hila. Nchi ile hupata milimita zaidi ya 1,500 kwa mwaka, wala haina mwezi ambao mkulima anaweza kuapa kuwa ni mkavu. Agosti si Aprili, ni kweli, lakini Agosti nayo ina mvua yake. Asubuhi huwa na jua safi, anga limetakata, na vilima vya Manga vinaonekana kwa ukingo wake wote, na hiyo ndiyo saa ambayo watu huwasili na kuchagua mahali. Ifikapo alasiri, upepo wa Ziwani uliokuwa ukipanda mteremko tangu adhuhuri umekwisha kukutana na ule wa mashariki, hewa imeinuka kwa kukosa pa kwenda, mawingu yamejengeka ghorofa juu ya ghorofa, na kile kilichochaguliwa kwa jua la saa tatu kinahukumiwa kwa mvua ya saa kumi. Kwa hiyo mwenye busara hauangalii uwanja ulivyo wakati ule anapofika, bali hutafuta athari za mvua iliyopita: nyasi zilizolala zikaelekea upande mmoja, vijiti na majani makavu yaliyokusanyika katika mstari, mchanga mwembamba mweupe ulioachwa na maji yalipopungua. Palipo na mstari huo ni njia ya maji, na maji hayasahau njia yake kwa sababu eti leo pana hema ya mzee wa kanisa.

Licha ya hayo yote, ukiwatazama watu wakiingia langoni utaona kwamba wengi hawashughuliki na udongo wala maji. Macho yao yako jukwaani. Kila mmoja ataka hema yake iwe karibu na pale zitakaposimama kwaya, ati awasikie vizuri na awaone wanawe wakiimba, na wapo watumao mtu alfajiri na mapema aje kutandaza mkeka wa kushikilia nafasi. Hapo ndipo mashemasi, waliopewa kazi ya kuwapanga watu, hupata taabu yao ya kila mwaka.

“Omogaka,” shemasi kijana humwambia mzee kwa taadhima, “hapa ni pa kwaya, na nyaya za spika zitapita hapa.”

“Mwanangu,” mzee humjibu pasipo kuinuka mkekani, “nyaya nazo zina macho, zitanizunguka.”

Mimi niko upande wa shemasi, wala si kwa ajili ya nyaya. Yule aliye hatua kumi kutoka kwenye spika hausikii wimbo. Husikia mvumo wa gitaa la besi kifuani na kishindo cha kinanda, na maneno, ambayo ndiyo roho ya kwaya, humpita juu ya kichwa. Tena sauti nzito haizuiliwi na kitambaa. Abagusii wanalijua hilo tangu zamani, maana obokano, kile chombo chao kikubwa cha nyuzi nane, huvuma kwa chini sana, na ni mvumo ambao mtu huusikia kwa mbavu pamoja na masikio; sembuse besi ya umeme, na nyuma ya hema pana mtoto mchanga anayetakiwa kulala. Mambo hubadilika mtu akisogea mbali, akapanda kidogo ubavu wa kiwanja. Na baada ya magharibi, upepo ukitulia na hewa ya baridi ikitambaa chini kuelekea bondeni, huku hewa iliyo juu yake ikibaki na joto la mchana, sauti hupindishwa kurudi ardhini badala ya kupotelea angani, hata mtu aliye nusu kilomita akaisikia sauti ya tatu ikiachana na ya kwanza, na alto ikiingia katikati yao, waziwazi kuliko yule aliyelilia kukaa mbele. Hewa hiyohiyo ya baridi ndiyo hoja ya kutopiga hema mahali pa chini kabisa, kwa sababu hutuama huko pamoja na ukungu, na usiku wa Nyamira, kwenye miinuko inayokaribia mita 2,000, si usiku wa kuchezea kwa shuka moja.

Lakini hata lau muziki ungesikika vema mbele, bado ningemsihi mwenye aila asiende huko, na sababu yake kubwa haihusu udongo wala sauti. Ni chinsoni.

Wasikilizaji wa mbali huenda wasilijue neno hilo, ila kule Gusii kila mtoto hulinyonya na maziwa: ni ile heshima na haya inayotenganisha kizazi na kizazi kinachokifuata. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkazamwana humwachia baba mkwe njia, wala hajiachi mbele yake. Kijana akishatahiriwa halali tena kwa mamake, na zamani alijengewa nyumba yake ya ujana, esaiga, kando ya boma. Kinyume chake, kati ya babu na mjukuu, au kati ya magokoro, yaani nyanya, na wajukuu zake, hakuna haya hiyo, bali pana utani na uhuru, na wajukuu kwa desturi hulala kwa nyanya yao. Sheria hizi zilitungwa kwa nyumba za udongo zenye kuta nene na milango inayopewa mgongo, boma likiwa na nafasi kati ya nyumba na nyumba. Sasa fikirini boma hilo likihamishiwa kiwanjani, kuta zake zigeuzwe kitambaa ambacho taa ikiwashwa ndani huonyesha kivuli cha mtu anayevua kanzu, na ambacho kikohozi cha usiku hukipenya kama kwamba hakipo.

Ndipo tuonapo kwamba aila ya Kigusii haiwezi kulala katika hema moja kubwa, hata ikiwa na fedha ya kuinunua, na kwamba anayekwenda makambini hatafuti nafasi ya hema, anatafuta nafasi ya boma. Hema ya wazee ikae upande wa juu, mlango wake uelekee mashariki, jua la asubuhi likaushe matandiko na upepo wa alasiri utokao Ziwani usiupige kifuani. Hema ya mwana na mkewe iwe mbali kidogo, na mlango wake usitazamane na ule wa baba, mmoja asije akatoka na ndoo ya maji ya kuoga akamwona mwenzake. Na mwana akizidi kukosa nafasi, bora awape mgongo kuliko kuwapa ubavu. Kati ya hema hizo mbili iwekwe ya magokoro pamoja na wajukuu, kwa kuwa yeye peke yake ana ruhusa ya kucheka na pande zote, na kelele za watoto zitafunika yale yasiyopasa kusikika. Vijana wa kiume wawe upande wa njia ya kuingilia, ndipo penye esaiga yao, na ndipo watakapofanyia mazoezi ya kwaya usiku bila ya kuwaamsha wengine. Mpango huu hauwezekani mbele ya jukwaa, ambako kila aliyewahi hupata upana wa mkeka wake tu, na boma hukatika vipande, baba huku, mwana kule, na mkazamwana akajikuta amelala ubavuni mwa mkwe wake, kitambaa kimoja tu kikiwa kati yao, akakosa usingizi kwa siku zote za makambi. Wanawake wanalijua hili kuliko wanaume, ila wao hawaulizwi wakati wa kupiga vigingi, na mimi naliona jambo hilo kuwa kasoro ya kwanza ya kurekebishwa.

Isitoshe, kupangana kwa hema kuna asili ya kale katika kitabu kilekile wanachokisoma wenyewe. Katika Hesabu, mlango wa pili, kabila za Israeli zimegawiwa pande zake kuizunguka hema ya kukutania, Yuda mashariki, Reubeni kusini, Efraimu magharibi na Dani kaskazini, kila mtu penye bendera yake na nyumba ya baba zake, wala hatusomi kwamba Dani alituma mtu alfajiri kushikilia nafasi ya Yuda. Na katika Mwanzo yupo Lutu, aliyeinua macho, akaliona bonde la Yordani kuwa lina maji mengi, akasogeza hema yake hadi ukingoni mwa Sodoma kwa kupendezwa na macho tu. Aliyapata malisho, na majirani wake mnawajua.

Majirani basi. Kwa jirani wa jikoni nina maneno makali kidogo. Kina mama wa chama cha Dorkasi huwasha moto tangu alfajiri, mboga za chinsaga zitelekwe taratibu, uji wa wimbi uchemke, ndizi zimenywe, na hadi Ijumaa machweo, Sabato inapoingia na mapishi kukoma, moshi na cheche haziishi. Hema isikae upande unaopelekewa upepo wa jikoni, na kati ya hema na hema paachwe njia ambayo mtu aweza kukimbia na ndoo mbili bila ya kukwaa kamba. Wale wanaoona kwamba nazidisha na wakumbuke Mina, karibu na Maka, mwezi wa Aprili mwaka 1997, moto ulipozuka katika hema za mahujaji zilizobanana, upepo ukausukuma, na mahujaji zaidi ya 300 wakafariki. Baada ya hapo ndipo hema za Mina zikafanywa za kitambaa kisichoshika moto. Turubai letu la kukodi halina sifa hiyo. Wala jiko la makaa lisiingizwe hemani usiku kwa ajili ya kuota, hata baridi iwe kali namna gani na hata makaa yawe yamekwisha kuwa mekundu bila ya moshi, kwa maana hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala pasipo kuwaamsha kwanza.

Na radi. Watu wa Kisii hawahitaji kufundishwa kuiogopa, kwani hakuna mwaka unaopita bila ya habari zake, ila makambini watu huisahau wakaenda kupiga hema chini ya mkaratusi ulio peke yake, kwa tamaa ya kivuli cha adhuhuri. Mti huo huangusha matawi hata siku isiyo na upepo, na penye ngurumo ndio mrefu kuliko vyote vilivyo karibu. Hema haimkingi mtu na radi, wala nguzo ya chuma iliyo katikati yake si ya kushikwa. Ikinguruma, watu waingie madarasani, wakae mbali na kuta na madirisha, wangoje mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho, hata kama kwaya iliyokuwa ikiimba ilikuwa katika ubeti mtamu kuliko zote.

Yaliyobaki ni madogo. Vyoo viwe umbali ambao bibi mwenye miguu mibovu aweza kuumaliza kwa tochi, lakini si upande ule upepo utokako. Siafu, wanaopenda kuhama baada ya mvua, huchelea majivu yaliyonyunyizwa kuzunguka hema, na majivu jikoni hayakosekani. Kamba zifungwe vitambaa vyeupe ili zionekane gizani.

Ama kuhusu mfereji wa kuyapitishia maji upande wa juu wa hema, ambao kila aila huuhitaji na ambao walimu wakuu huuchukia, ipo njia ya kuwaridhisha wote wawili. Watafuta Njia, chama cha vijana cha Wasabato kilichoanzishwa rasmi mwaka 1950, hufundishwa mafundo ya kamba, upigaji wa hema na usafi wa kambi, na kila kanisa mahalia lina kikosi chake kinachoranda makambini bila ya kazi ila ya gwaride. Wapewe wao majembe. Tabaka la juu lenye nyasi likatwe kwa vipande vya mraba, lipangwe kivulini na kumwagiwa maji kidogo kila asubuhi. Na Jumapili, hema zikishang'olewa, vipande virudishwe na kushindiliwa kwa mguu, na kila tundu la kigingi lijazwe udongo, hasa yale ya katikati ya kiwanja, kwa sababu shule itafunguliwa, mpira utachezwa hapo, na mtoto anayekimbia hatazami chini.